Mtambo wa kW 20 kwenye kijito cha lita 50

Swali: Kijijini kwetu, Kasulu, kuna kijito chenye maporomoko ya mita 20. Fundi alipima Machi, akasema atatufungia mtambo wa kW 20 na bomba la inchi 4. Anadai hata mtambo wa Tanesco wa Nyumba ya Mungu umeandikwa MW 8 na hutoa MW 8. Tumlipe?

Jibu: Msimlipe, ndugu yangu. Hizo MW 8 ni uwezo wa juu wa mashine mbili maji yakitosha. Zingezunguka hivyo mwaka mzima zingefua MWh 70,080, lakini bwawa lile hutunza pia maji ya Mto Pangani kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls iliyo chini yake, hivyo maji hufunguliwa kwa kipimo.

Ninyi hata bwawa hamna. Vipimo vya Machi vinanichosha: huo ni mto wa masika! Pimeni Septemba, kabla ya mvua. Tafuteni sehemu iliyonyooka ya mita 10, mpime upana na kina, mwachie chungwa lielee huku mkihesabu sekunde. Kasi ni mita 10 gawanya kwa sekunde hizo. Zidisheni upana kwa kina kwa kasi, kisha kwa 0.7, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu.

Mkipata lita 50 kwa sekunde, hesabu ni 9.81 (nguvu ya mvutano) × 0.05 (lita 50 kwa mita za ujazo) × 20 (kimo, yaani urefu wa maporomoko) × 0.6 (ufanisi wa mtambo), yaani karibu kW 6. Ili kupata kW 20 mnahitaji lita 170 kwa sekunde. Tena lita 50 zikipita kwenye bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 50, msuguano unakula zaidi ya nusu ya kimo. Wekeni inchi 8.

Kijiji kikiwasha vitu vya kW 20 kwenye maji ya kW 6, mashine inapunguza mwendo, umeme unashuka chini ya hezi 50 za kawaida, volti zinashuka, mota za friji zinaungua. Watu wakizima taa kwa pamoja, inakimbia na volti zinapanda. Anayeuza mtambo bila kidhibiti mzigo chenye hita za kumeza umeme uliobaki anauza ajali, na mafundi hao wamejaa. Yeyote atakayewaletea bei aonyeshe kwanza lita za kiangazi, kimo na kipenyo cha bomba kwa maandishi. Kibali cha kutumia maji kiombeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma, kabla ya kuchimba mfereji.