Mpwa wangu, mikorosho usiuze

Marahaba, mpwa wangu. Swali lako kwenye kundi la ukoo nimelisoma mara tatu, na naona wote wamenyamaza kana kwamba umetukana. Hujatukana. Umeuliza: mjomba yuko Uingereza mwaka wa 11, nyumba yake Tandahimba imeishia kwenye lenta, hela zinakwenda wapi? Na la pili: wakala wa Dar anataka milioni 15 akutafutie kazi ya kulea wazee huku, je, uuze ekari nne za mikorosho alizoacha babu? Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Nianze na hela. Nabeba maboksi, na kwangu huo si msemo: ni ghala hapa Leicester, zamu ya usiku. Mwaka 2024 kima cha chini kilikuwa pauni 11.44 kwa saa, na ndicho nilicholipwa. Najua umeshazidisha kwa elfu tatu na ushei. Hata mimi nilizidisha. Sasa acha kuzidisha, anza kutoa. Kwa saa 40 za wiki, kodi ikishakatwa, ulikuwa unabaki na kama pauni 1,700 kwa mwezi. Chumba 520, na choo tunatumia watu wanne. Gesi ya baridi, basi, chakula, simu. Halafu ninyi. Siwasimangi, ila na ninyi mmo kwenye hesabu.

Nikaona dawa ni kazi ya pili. Natoka ghalani alfajiri, naenda kusafisha maofisi, nalala kwa saa nne tu, wakati mwingine tatu. Mwanzoni nilitaka kupaua nyumba tu. Kabla sijapaua nikataka kiwanja Mtwara mjini. Kabla ya kiwanja nikaanza kuulizia bei ya Fuso. Sala nikawa nazilipa kwa mkupuo kama deni la dukani, na Ijumaa zikapita sijaukanyaga msikiti.

Usiku mmoja nipo kati ya rafu zilizojaa hadi darini, skana mkononi inanihesabia kasi, mdomo ukaanza wenyewe: Alhaakumut-takaathur. Sura tuliyoiimba chuoni tukiwa watoto, macho yetu kwenye bakora ya maalim, maana yake hatuijui. Kumekushughulisheni kutafuta wingi, mpaka mje makaburini. Nikasimama. Skana ikalia kwa kuwa nimesimama.

Ningependa kukuambia niliacha kazi ya pili kesho yake. Sikuacha. Niliachishwa na mgongo, Januari 2025, nikashindwa hata kuvaa soksi. Malipo ya ugonjwa yalikuwa pauni 116.75 kwa wiki, na siku tatu za kwanza zilikuwa hazilipwi. Chumba peke yake kilizidi hapo.

Mwenye nyumba wangu ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. (Halmashauri ya Leicester iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasije huku. Wakaja.) Nikamwendea na maneno yangu niliyoyapanga kwa Kiingereza. Akanikatiza kwa Kiswahili chake cha dukani: "Lipa pole pole. Mimi nilikuja na sanduku moja." Jirani Msomali akawa anagonga kila jioni na sahani ya wali, hasemi kitu, anaiacha mlangoni. Wiki sita hizo za kuugua sikulala na njaa hata siku moja. Siku narudi kazini nilikuwa na pauni 9 na deni la nusu kodi. Hakuna muujiza hapo, wala hakuna kilichobaki. Ilitosha tu, na mimi miaka yote nilikuwa sijui kutosha kunafananaje.

Ilhali bibi yako alinionyesha zamani. Muhogo hakuung'oa wote. Alichimba wa leo, uliobaki akauacha ardhini, na ardhi ikamtunzia. Nilidhani ni umaskini.

Lakini usije ukasema mjomba kaagiza tukae chini ya mkorosho tungoje riziki ianguke. Hata korosho ikianguka lazima uiname uiokote. Yule ndege wa kwenye hadithi ya Mtume anatoka asubuhi tumbo tupu na kurudi jioni ameshiba, ila watu wanaipenda jioni na kuisahau ile asubuhi.

Sasa shamba. Tangu Julai 2025 Uingereza imefunga viza ya walezi kwa waombaji wapya walioko nje ya nchi. Huyo wakala anakuuzia mlango uliokwisha pigwa kufuli. Ulikua ukimsikia babu akiwalaani watu wa kangomba, wanaokuja msimu wa njaa kununua korosho kwa kibaba zikiwa bado maua. Wewe unataka kumpa kangomba na mti wenyewe. Bei najua zinapanda na kushuka. Mwaka 2018 serikali ilinunua kwa 3,300 na jeshi likaja kubeba; mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 kilo ikavuka 4,000. Hakuna anayejua ya mwakani. Ekari nne hazitakununulia Fuso. Zitakulisha, na mama yako atakula humo.

Kazi ya pili sijairudia. Lenta itakaa lenta, na wanaocheka wacheke. Mbuzi wa jirani najua wamepata kivuli.

Hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mifuko mitatu, nitatuma kabla ya Mei. Palizi ni yako, usinipigie kuomba ya vibarua. Na mwambie mama yako ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, aliyonipa safari ile walininyang'anya uwanja wa ndege, ndiyo maana sikusema ilikuwa na ladha gani.