Maswali ya Wasomaji: Picha niliikata vizuri, mbona imerudi na mandharinyuma nyeupe?

Barua nne nilizochagua safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Ingawa kila mwandishi alidhani ana tatizo lake peke yake, zote zinagusa jambo moja, nalo ni tofauti kati ya maski, ambayo ni maagizo ya kuficha sehemu ya picha, na uwazi, ambao ni matokeo ya maagizo hayo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye hasara kubwa.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina steshenari ndogo karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambako natengeneza kadi za mialiko, mabango ya sendoff na fulana za vikundi. Hivi karibuni nilimtenganisha bibi harusi na ukuta uliokuwa nyuma yake kwa kutumia maski ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, kazi iliyonichukua jioni tatu kwa sababu ya veli. Nilipomaliza niliitoa picha kama JPEG, nikafunga programu, na iliponiuliza kuhusu mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa niliyatupa, kwa kuwa niliona faili langu lipo tayari. Asubuhi nikakuta mandharinyuma ni nyeupe na maski haipo, na mteja anataka bango la zambarau. Je, inaweza kurudishwa? (Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya)

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole kwa jioni tatu. Maski uliyoichora haimo katika faili hilo la JPEG, na hakuna programu itakayoitoa humo, kwa kuwa haikuwahi kuingia. JPEG ilisanifishwa mwaka 1992 kwa ajili ya picha za kawaida, nayo huandika rangi tu. Haina mahali pa kuandika kwamba pikseli hii (yaani nukta ndogo ya picha) ionekane na ile ifichwe. Kwa hiyo GIMP iliziunganisha leya zako zote, yaani matabaka ya picha, kuwa moja, kisha ikayajaza maeneo yaliyokuwa wazi kwa rangi ya nyuma iliyokuwa imechaguliwa kwenye kisanduku cha zana, ambayo kwa watu wengi ni nyeupe. Nimewahi kuletewa kadi yenye mandharinyuma ya kijani kibichi ambayo mwenye kazi aliapa kwamba hakuiweka. Kumbe alikuwa ameichagua rangi hiyo jana yake katika kazi nyingine na kuisahau.

Maski yenyewe ni picha ya rangi ya kijivu inayobebwa na leya. Penye nyeupe leya huonekana, penye nyeusi hufichwa, na penye kijivu huonekana kwa kiasi, katika ngazi 256 kuanzia 0 hadi 255. Hapo ndipo veli ilipokulia muda wako. Uso na mikono havikusumbui, kwa kuwa ni nyeupe tupu ndani ya maski, lakini ukiikuza picha hadi asilimia 400 na kuitazama veli pale inapoangukia begani, utaona kwamba karibu kila pikseli iko katikati: si uzi mtupu wala si ukuta mtupu, bali mchanganyiko wa vyote viwili, na maski yake lazima iwe na kijivu cha 90 hapa na cha 140 pale. Kazi hiyo yote ilikuwa namba za kijivu, na JPEG haina pa kuziweka.

Kama ungetoa PNG, mambo yangekuwa tofauti. Fomati hiyo, iliyopitishwa rasmi mwaka 1996, huweza kubeba kwa kila pikseli namba ya nne, ya kiasi cha uwazi, mbali na zile tatu za rangi. Namba hiyo ni ya chaneli ya alfa, nayo pia ina ngazi 256 katika PNG za kawaida, kwa hiyo veli ingebaki inapenyeza zambarau ya bango kama inavyopaswa. WebP, iliyotoka mwaka 2010, nayo huibeba alfa. GIF haifai kwa kazi ya namna hii, kwa sababu kwake pikseli ama ipo ama haipo, na veli yako ingeonekana kama iliyokatwa kwa mkasi butu.

Hata hivyo usidhani kwamba PNG hutunza maski. Wakati wa kutoa picha, maski huyeyushwa ndani ya alfa, na kinachobaki ni leya moja ambayo imekwisha kukatwa. Unaweza kuigeuza alfa hiyo kuwa maski tena: bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua kuongeza maski, kisha katika orodha inayofunguka chagua ile inayoitwa "Transfer layer's alpha channel". Utapata umbo la mkato wako na utaweza kulipaka upya. Usichoweza kukitegemea ni kuurudisha ukuta uliokuwa nyuma, wala kidole cha bibi harusi ulichokifuta kwa bahati mbaya, kwa kuwa rangi zilizokuwa chini ya maeneo yaliyofichwa kabisa mara nyingi hupotea njiani.

Sasa tuje kwenye uokoaji. Ikiwa picha ya asili kutoka kwenye kamera bado unayo, na kama hukuipunguza, kuizungusha wala kuibadilisha rangi kabla ya kuikata, basi jioni moja kati ya zile tatu inaweza kuokolewa. Fungua picha ya asili, weka ile JPEG juu yake kama leya ya pili, ihakikishe imekaa pikseli kwa pikseli, kisha badilisha hali ya leya ya juu iwe "Difference". Programu itaonyesha tofauti kati ya picha hizo mbili: pale bibi harusi alipo, picha zinafanana na utaona weusi, pale ukuta ulipofunikwa na weupe, utaona mwanga. Unganisha leya hizo, geuza ziwe kijivu, pindua rangi ili nyeusi iwe nyeupe, na kwa kutumia "Levels" sukuma ncha mbili hadi mwili uwe mweupe kabisa na ukuta uwe mweusi kabisa. Hiyo ni rasimu ya maski yako, na unaweza kuinakili na kuibandika ndani ya maski mpya ya leya ya asili.

Rasimu hiyo itakuwa na vumbi dogo lililosababishwa na ubanaji wa JPEG, nalo unalisafisha kwa brashi. Itakuwa na matundu pia kama ukuta ulikuwa na sehemu nyeupe, maana nyeupe juu ya nyeupe haina tofauti. Veli utalazimika kuipaka tena kwa mkono, na hapo sina njia ya mkato ya kukupa.

Kuanzia sasa, kabla hujaitoa picha kwenda popote, bonyeza "Save" kwanza na ulipe faili jina la XCF. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, GIMP imetenganisha kwa makusudi kuhifadhi na kutoa: "Save" huandika XCF peke yake, yenye leya, maski, chaneli na njia zote ulizochora, na JPEG, PNG na ndugu zake wanapatikana kwa "Export". Watu wengi waliozoea programu nyingine hukasirishwa na jambo hili, lakini mimi naliunga mkono. Ujumbe uliokuuliza kuhusu mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa ulikuwa na maana yake halisi: hapakuwa na XCF. Kwa wenye Photoshop, faili la PSD ndilo linalofanya kazi hiyo hiyo.

SWALI: Kamwene. Tunauza vikapu vya milulu hapa Iringa, na mwaka huu tumeanza kuchapisha lebo kwenye karatasi ya kaki. Nilipiga picha ya kikapu juu ya shuka jeupe, nikaiondoa shuka, nikatoa PNG. Kwenye skrini yenye mandharinyuma nyeupe kikapu kinapendeza, lakini kwenye lebo ya kahawia kinazungukwa na uzi mweupe kama kimepakwa chokaa. Je, PNG imeharibu uwazi? (Msomaji wa Iringa mjini)

JIBU: Kamwene, mama. PNG yako haina kosa. Imebeba kwa uaminifu kile ulichoipa. Pale ukingo wa kikapu unapokutana na shuka, kamera haikupiga mstari, bali ilichanganya rangi ya milulu na weupe wa shuka katika pikseli moja au mbili. Milulu inafanya jambo hili liwe baya zaidi kwa sababu ncha zake hujitokeza kama nywele, na kila ncha ina shuka pande zote mbili. Maski imezifanya pikseli hizo zipenyeze kwa nusu, lakini rangi iliyomo ndani yake bado ni ya shuka, nayo juu ya nyeupe haionekani na juu ya kahawia inapiga kelele.

Kama faili la kazi unalo, bofya maski (si picha) na ufungue "Levels", kisha sogeza kidogo ncha ya nyeusi kuelekea kulia. Vijivu hafifu vya ukingoni vitakuwa vyeusi, na maski nzima itajikunja ndani kwa nusu ya pikseli au pikseli moja. Kwa mdomo wa kikapu na kitako hiyo inatosha. Kwa ncha zinazojitokeza, usizikate. Kikapu cha milulu kisicho na ncha kitaonekana cha plastiki. Badala yake, tengeneza nakala ya leya, tekeleza maski juu ya nakala hiyo ili iwe alfa, funga alfa kwa alama ya mraba iliyo juu ya orodha ya leya, na kwa zana ya kunakili vuta rangi ya milulu kutoka ndani ya kikapu uipake ukingoni. Alfa ikiwa imefungwa, brashi haiwezi kubadilisha umbo. Inabadilisha rangi tu, na weupe wa shuka unaondoka bila kugusa uwazi. Watumiaji wa Photoshop wana amri ya kuondoa weupe wa kingo, chini ya "Matting", ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi hii yenyewe.

Kabla ya kutoa, weka chini ya kikapu leya ya muda yenye rangi ya kaki, nyingine nyeusi na nyingine nyekundu, uzitazame moja baada ya nyingine. Na safari ijayo piga picha juu ya karatasi ya kaki yenyewe. Ukingo utakaobaki utakuwa wa rangi ya lebo.

SWALI: Nembo ya kikundi chetu cha wakulima wa chai ni PNG safi, lakini nikiituma kwa WhatsApp inafika kwa mchapishaji ikiwa na mandharinyuma. Ndaga fijo. (Msomaji wa Tukuyu)

JIBU: WhatsApp ikipokea kitu kama picha, hukibana kuwa JPEG, na habari ya JPEG umeisoma hapo juu. Kitume kama hati, si kama picha, nacho kitafika kama kilivyotoka. Mwambie na mchapishaji asikipige picha ya skrini, kwa sababu picha ya skrini haina uwazi wowote. Ile miraba ya kijivu na nyeupe inayoashiria uwazi huweza kuingia kwenye picha kama rangi za kweli. Nembo nyingi zinazopakuliwa mtandaoni zikidaiwa kuwa wazi ni za aina hiyo, zina miraba iliyochorwa.

SWALI: Mchapishaji wa Makambako anataka faili la bango "lenye leya zake", na yeye anatumia Photoshop wakati mimi natumia GIMP. Nimpe nini ili maski zisipotee? (Msomaji wa Njombe)

JIBU: Mpe PSD, ambayo GIMP huitoa kwa "Export" huku ikibakiza leya na maski zake. Maandishi mara nyingi hugeuka kuwa pikseli, kwa hiyo ambatanisha maneno yenyewe pembeni ili aweze kuyaandika upya. Akisema anataka rangi za uchapaji za CMYK, PNG haiwezi kuzibeba. Zungumzeni kuhusu TIFF au PDF. Na kwa PDF muulize anatumia kiwango gani: PDF/X-1a hairuhusu uwazi, hivyo kila kitu lazima kiunganishwe na mandharinyuma yake kabla ya kupelekwa, ilhali PDF/X-4 inauruhusu. Kuhusu ukubwa, bango dogo la upana wa sentimita 30 kwa nukta 300 kwa inchi linahitaji pikseli zipatazo 3,543.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Maski huficha, haifuti. Anayepokea PSD yako anaweza kuizima maski kwa mbofyo mmoja na kuona chote ulichokiondoa: mtoto wa jirani aliyesimama nyuma, namba ya gari, au barua iliyokuwa mezani. Kwa hiyo hifadhi XCF yako kamili, tengeneza nakala, na katika nakala hiyo zizime kwa muda maski za leya zenye mambo ya faragha ili uone kilichofichwa. Kisha bofya picha ya leya (si maski) na upake rangi moja juu ya kila usichotaka kionekane. Ukiona kwamba sura ya mtoto bado imo, ipake rangi yoyote kabla ya kuziwasha tena maski na kulituma faili Makambako.