Nisome huku nafanya kazi, au niache kazi nikasome?

Shikamoo mama. Ninasimamia uzalishaji katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Nina umri wa miaka 38, na kiwandani nina miaka 12. Mwajiri yuko tayari kunilipia nusu ya ada nikisoma MBA ya watendaji, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa walio kazini, ile ya mwisho wa wiki. Mdogo wangu ananishauri niache kazi nikasome MBA ya kawaida, ya kutwa, kwa sababu eti ile ya watendaji ni ya watu wanaotafuta cheti tu. Nina mke na watoto wawili. Nifuate lipi?
Msimamizi, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Usiache kazi. Nasema hivyo nikijua kuwa MBA ya kutwa ni shahada nzuri, na kama ungekuwa na miaka 25, hujawahi kusimamia mtu, ningekuambia nenda. Lakini wewe una watu chini yako, una mashine, una mnunuzi wa nje anayelalamika, na hayo yote utayaacha getini siku utakayorudisha kitambulisho cha kazi. Mhadhiri akifundisha gharama za uzalishaji utabaki kukikumbuka kiwanda, wakati ungeweza kwenda kuziangalia kesho yake asubuhi.

Mdogo wako ana hoja moja ya kweli. Zipo programu za watendaji ambazo ni slaidi za Jumamosi na mtihani wa kukariri. Shahada hii haikuanzishwa kwa ajili hiyo. Chuo Kikuu cha Chicago ndicho kilichoianza, mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, ili meneja aliye kazini asome bila kuondoka kazini. Kwa hiyo kabla ya kulipia hata fomu, piga simu chuoni uulize: mazoezi ya darasani yanafanywa kuhusu kampuni ya nani? Wakikujibu kwamba kila somo lina zoezi la kufanyia ofisini kwako, na mradi wa mwisho unahusu tatizo halisi la mwajiri wako, endelea kuzungumza nao. Wakianza kukusimulia uzuri wa jengo, tafuta chuo kingine.

Nikupe la kwangu. Nilisoma masta ya jioni Dar es Salaam nikiwa msimamizi wa manunuzi katika kampuni ya usambazaji. Mwalimu wa uendeshaji alitupa zoezi: chukua karatasi moja ya ofisini kwako, uifuate tangu inapoandikwa mpaka inapofungwa kwenye faili, uorodheshe kila meza iliyopitia na muda iliokaa hapo. Mimi nilichukua ombi la matairi ya lori. Dereva aliliandika, msimamizi wa karakana akasaini, likaja kwangu, likaenda kwa mhasibu, kisha likalala mezani kwa mkurugenzi ambaye alikuwa safarini Mbeya. Muda wote huo lori limepaki karakana na mzigo wa wateja uko ghalani.

Nilikwenda darasani na pendekezo kwamba kampuni inunue mfumo wa kompyuta, wakubwa wawe wanaidhinisha kwa simu. Mwenzangu mmoja, mfamasia wa hospitali, akaniuliza: "Huyo mkurugenzi amewahi kukataa ombi la matairi hata moja?" Nikarudi ofisini, nikafungua mafaili ya mwaka mzima. Hajawahi. Tukamwandikia kumwomba maombi ya chini ya kiasi fulani yaishie kwa meneja wa usafirishaji, na yeye aletewe orodha kila mwisho wa mwezi. Alikubali, na mfumo haukununuliwa.

Swali lile lisingetoka kwa mtu wa ofisini kwetu, maana sote tulishazoea kumsubiri bosi. Wala lisingetoka kwa kijana aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza. Yule mfamasia alikuwa na sahihi yake mwenyewe inayosubiriwa kwenye stoo ya dawa, ndiyo maana alijua pa kugusa. Mwingereza mmoja, Reg Revans, aliliona jambo hili katika migodi ya makaa ya mawe ya kwao miaka ya 1940: aliwakutanisha mameneja wa migodi wao kwa wao, kila mmoja akaleta tatizo lake, na kazi ya wenzake ikawa ni kumuuliza. Baadaye aliipeleka njia hiyo hata kwenye hospitali za London. Kwa hiyo ukichagua chuo, ulizia pia utakaa na nani. Darasa la watu wa benki watupu halitakufaa sana, hata waalimu wawe hodari vipi.

Kwa kiwanda chako, mimi ningeanza na mzunguko wa fedha. Sangara wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hangoji hati ya malipo. Wakala anayewaletea samaki anataka fedha yake mapema ili naye awalipe wavuvi. Chukua hesabu ya mfano. Unamlipa wakala siku 2 baada ya kupokea samaki. Minofu iliyogandishwa inakaa kwenye chumba cha baridi siku 12 ukisubiri mzigo wa kontena utimie. Mnunuzi analipa siku 30 baada ya mzigo kuondoka. Jumlisha 12 na 30, toa 2: siku 40 kiwanda kinaendeshwa kwa fedha yake au ya benki, na ya benki ina riba. Wewe wa uzalishaji huna uwezo wa kumbana mnunuzi, lakini zile siku 12 ziko mikononi mwako. Weka tarakimu zenu halisi mahali pa hizi zangu, uone zinakuambia nini. Huo tayari ni mradi wa mwisho, na mwajiri ataona nusu ya ada yake imekwenda wapi.

Ila takwimu za kiwanda si mali yako. Omba ruhusa kwa maandishi kabla hujazipeleka darasani, mkubaliane kipi kitafichwa: majina ya wanunuzi, bei, mishahara.

Sasa huo mkataba wa ada. Waajiri wengi wanaolipia masomo hutaka ubaki kazini muda fulani baada ya kuhitimu, la sivyo urudishe fedha. Soma kipengele hicho polepole. Uliza itakuwaje kampuni ikikupunguza yenyewe. Na uombe ruhusa ya kutoka mapema Ijumaa iandikwe humo humo, maana ahadi ya mdomo huyeyuka msimu wa kazi nyingi ukifika.

Kuhusu mahali, anza na karibu: SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wanatoa MBA hapo hapo Malimbe, nenda ukaulize ratiba ya walio kazini. Kuna ESAMI, taasisi ya usimamizi iliyoko Arusha, kuna shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe wana kampasi yao Dar, na ukivuka mpaka kuna Strathmore, Nairobi. Ukitazama mbali, piga hesabu ya nauli na malazi ya programu nzima, usitazame ada peke yake.

Na ongea na mkeo kabla hujasaini chochote. Jumamosi zako zitachukuliwa, na yeye ndiye atakayebaki na watoto. Anastahili kusema ndiyo yake mwenyewe.

Mama, nimepata chuo cha nje kinachotoa MBA ya watendaji kwa mtandao, miezi sita, hakuna mtihani. Wanasema uzoefu wangu wa kazi unahesabika kama masomo. Baadaye nataka kusoma uzamivu nifundishe chuo. Nilipe?
Mhasibu, Dodoma

Usilipe bado, dada. Uzoefu wa kazi ni sifa halali ya kukuingiza darasani, na hutumika sana katika programu hizi, lakini kuufanya uwe ndiyo shahada yenyewe ni jambo la kutilia shaka. Waandikie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndio wanaoshughulikia utambuzi wa shahada za nje, uwape jina la chuo na nchi kilipo. Kisha kiulize chuo unachotaka kusomea uzamivu kama kinapokea masta isiyo na tasnifu. Vingi hutaka kuona utafiti wako, na kuna programu za watendaji zinazoishia kwenye mradi wa kazini. Ukishapata majibu yote mawili kwa maandishi niandikie tena, tuitazame hiyo ada.