Notisi ya siku 14: ipi ni sheria, ipi ni maneno ya watu?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba na sebule Makorora, Tanga. Nililipa kodi ya miezi sita, shilingi 480,000, kuanzia mwezi wa tatu. Hatukuandikishana mkataba, nina kikaratasi cha mapokezi tu. Mwezi wa sita mzee mwenye nyumba akanifuata uani, akasema kijana wake anaoa, nipishe ndani ya siku 14. Nimetafuta kwenye simu hadi nimechoka. Mmoja anasema notisi ni miezi mitatu, mwingine anasema kudai kodi ya miezi sita ni kosa, na dalali ananiambia mpangaji hana tena sheria ya kumlinda. Nimwamini nani, na sheria yenyewe naisoma wapi?

JIBU: Pole sana, dada. Hao watatu wote wamekupa vipande, na hakuna kipande kinachokusaidia peke yake.

Nianze na dalali. Iliyokufa ni sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, lakini maandishi yake bado yanazunguka mtandaoni kana kwamba yako hai. Mpangaji wa Tanzania Bara hakubaki uchi baada ya hapo. Kinachomlinda leo ni makubaliano yake na mwenye nyumba, pamoja na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo Sura ya 113. Sheria hiyo ina sehemu nzima inayohusu upangishaji. Haiweki kikomo cha miezi ya kodi ya kulipwa mbele, kwa hiyo huyo aliyesema kodi ya miezi sita ni kosa usimtegemee. Hiyo miezi mitatu nayo mara nyingi imetoka kwenye mkataba wa mtu fulani. Ni sheria kwa waliousaini. Kwako si sheria.

Kuna mtego mwingine unaowanasa watu wa Tanga zaidi ya wengine. Mombasa ni jirani, na Kiswahili hakisimami mpakani Horohoro. Ukikuta mtu anataja Sura ya 301 au baraza la kodi za majengo ya biashara, hiyo ni Kenya. Na kama anayeongea yuko Unguja au Pemba, kumbuka ardhi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake. Kwa hiyo kabla hujaamini andiko lolote, lidai mambo matatu: jina la sheria na mwaka wake, namba ya kifungu, na nchi. Likikosa hata kimoja, lipite.

Sheria yenyewe isome TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka sheria na hukumu bure. Andika tanzlii.org, ingia upande wa sheria, tafuta Land Act, Sura ya 113. Angalia juu ya ukurasa ni toleo la mwaka gani, maana sheria zetu zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa na kuchapishwa upya, na Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025. Namba ninazokupa hapa ni za Toleo la 2019. Ukikuta zimesogea, tafuta kwa kichwa cha kifungu. Sehemu kubwa ya maandishi iko kwa Kiingereza. Kama hakikupandi vizuri, chapisha kurasa zenye vifungu 79, 80, 88 na 89, umpelekee msaidizi wa kisheria mzisome pamoja. Usikubali kusimuliwa tu. Mwambie akuonyeshe mstari kwa kidole.

Kifungu cha 80 ndicho kinachokusaidia wewe kwanza: pango la mwaka mmoja au pungufu linaweza kufanyika hata kwa mdomo. Ile kauli ya "huna mkataba, huna haki" inaishia hapo. Kifungu cha 88 kinambana mwenye nyumba akuache utumie chumba chako kwa utulivu, bila bughudha yake wala ya watu wake. Na kama amepangisha sehemu tu ya nyumba, ndivyo zilivyo nyumba nyingi za vyumba pale Ngamiani na Makorora, matengenezo ya paa, kuta kuu na sehemu mnazochangia ni juu yake. Kifungu cha 89 ni wajibu wako: kulipa kodi, kutunza chumba, kukirudisha katika hali nzuri.

Kifungu cha 79 kinataka utulivu kidogo. Kinahusu upangaji ambao muda wake haukutajwa wala notisi haikupangwa. Hapo sheria hutazama kodi inalipwa kwa kipindi gani. Ikiwa ni mwezi kwa mwezi, upangaji ni wa mwezi kwa mwezi, na notisi isipungue mwezi. Kipindi kikiwa kirefu zaidi, notisi nayo hurefuka. Lakini mkikubaliana waziwazi kwamba pango ni la miezi sita kisha basi, muda huo ukiisha na makubaliano yameisha.

Ndiyo maana nakuomba ukatoe kile kikaratasi chako sasa hivi ukisome. Kama kimeandikwa "Nimepokea 480,000 kodi", mzee anaweza kuja kudai ni kodi ya miezi minne kwa 120,000, na wewe utabaki kutafuta mashahidi. Kikiwa kimeandikwa "Nimepokea 480,000, kodi ya chumba na sebule, 80,000 kwa mwezi, tarehe 1 mwezi wa 3 hadi 31 mwezi wa 8", kikasainiwa, una silaha. Kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala, piga picha ya skrini na uitume kwa mtu unayemwamini. Kwa vyovyote, ulicholipia hakijaisha. Kama hukuvunja masharti, na hamkukubaliana kwamba anaweza kukatiza kabla ya muda, siku 14 za kutamkwa uani hazikutoi ndani mwezi wa sita. Akikata umeme, akifunga maji au kung'oa mlango ili uondoke, anavunja kifungu cha 88.

Mwandikie barua fupi ya heshima: umepokea maneno yake tarehe fulani, kodi yako inafika tarehe 31 mwezi wa 8, uko tayari mzungumze. Nakala ibaki kwako na saini ya aliyeipokea. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha mkaelewana, na ndoa ya kijana ni jambo la kuzungumzika. Pengine mzee atakurudishia kodi ya miezi iliyobaki na gharama za kuhama, nawe ukakubali. Ila mwenyekiti si mahakama, hawezi kuamuru utolewe.

Mkishindwana, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Lina siku 30. Usuluhishi ukishindikana, omba cheti kinachosema hivyo, kwa sababu bila hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri lako, isipokuwa kama hizo siku 30 zimepita bila suluhu. Huko wilayani ndiko unakoweza kuomba zuio, yaani amri ya kumkataza asikutoe, na fidia. Watu wengi hupoteza miezi kwa kuanzia polisi au kwa mkuu wa wilaya, kisha wanarudishwa kata.

Kwa msaada wa bure, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri ya Jiji. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, nacho kina ofisi Tanga. Anayejiita msaidizi wa kisheria akikudai malipo ya huduma, muombe akuonyeshe usajili wake.

Kata wakikuita, beba kikaratasi halisi na nakala mbili, ujumbe wa muamala uliochapishwa, ile barua, na jirani mmoja aliyekuwepo uani siku mzee alipokuambia uondoke.