Koma kabla ya "mama": kuandika mazungumzo ya hadithi

Miswada ya hadithi fupi inayonifikia hapa Lamu kutoka kwa vijana wanaoanza kuandika, mingi ina masimulizi mazuri. Bahari imo, jahazi limo, punda wa vichochoroni wamo. Wahusika wakifungua vinywa ndipo mambo yanapovurugika, hujui nani kasema nini.

Anza na koma ya kumwita mtu, ingawa walimu wengi huiacha mwisho. Tazama:

"Umemwona mama?"

"Umemwona, mama?"

Wa kwanza anamtafuta mamake. Wa pili anaongea na mamake, anayetafutwa ni mwingine. Na sisi huku hatuongei bila kuitana: ami, bibi, mwanangu, bwana. Koma hii utaihitaji karibu kila mstari.

Koma ya pili hufunga usemi. Mhusika akimaliza, na wewe msimulizi ukataka kuendelea na "alisema", usiweke nukta. Weka koma, tena ndani ya alama za usemi:

"Tunang'oa nanga saa kumi," alisema nahodha.

Likiwa swali, alama ya kuuliza hushika nafasi ya koma, lakini "aliuliza" hubaki na herufi ndogo. Hapa simu ni adui: ikiona tu alama ya kuuliza, inakuandikia "Aliuliza". Rudi uisahihishe. Tena kucheka si kusema. Usiandike "Sitaki," alicheka Mwanaisha. Andika: "Sitaki." Mwanaisha alicheka.

Je, alama za usemi ziwe moja au mbili? Vitabu vingi vya Uingereza hutumia moja, vya Marekani mbili. Kwa Kiswahili mimi nashikilia mbili, na sababu yangu ni ng'. Andika 'Ng'ombe wa ami hawaonekani' uone: jicho linadhani usemi umefungwa baada ya herufi mbili za mwanzo. Ukitumia mbili kwa nje, ile moja unaiweka akiba kwa usemi ulio ndani ya usemi:

"Babu aliniambia, 'Usivuke kwenda Manda usiku,' nami nikavuka," alisema Athmani.

Kila msemaji apewe aya yake, hata kama jibu lake ni "Ee" tu. Wawili wakijibizana, "alisema" unaweza kuiacha baada ya mistari ya kwanza. Wakiwa watatu barazani, mtaje anayesema. Mzee akisimulia kwa aya kadhaa mfululizo, fungua alama mwanzoni mwa kila aya, uzifunge mwisho wa ile ya mwisho pekee. Na ukishaandika "alisema kwamba", alama za usemi hazina kazi tena: alisema kwamba angekuja kesho.

Wapo wanaonijibu kuwa tenzi za kale za Lamu na Pate, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, hazikuwa na alama hizi na zilieleweka. Kweli, mshairi alitegemea "akamwambia" na "akajibu". Lakini alikuwa na vina na mizani, na utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya watu. Nathari yako itasomwa kimya kimya, pengine kwenye simu ndani ya boti ya Mokowe.

Kuhusu Kiamu, lahaja yetu ya Lamu: masimulizi yakiwa ya Kiswahili sanifu na bibi akasema "Ndoo hapa, mwanangu," yaani njoo hapa, iache hivyo. Usiyafungie maneno yake kwa alama nyingine wala usiyaandike kwa herufi za mlazo, kana kwamba bibi ni mgeni mjini kwake.

Maamkizi yetu ni marefu, lakini kwenye hadithi mistari miwili yatosha. Isipokuwa mmoja anapokataa kuitikia. Hapo andika salamu yote, neno kwa neno, na kwenye zamu yake usijaze nukta tatu za dukuduku. Tuambie mikono yake inafanya nini.