Ukikutana na "fine", tazama kwanza limekaa na nani

Neno "fine" tunalipata mapema mno. Mwalimu anaingia, darasa zima linasimama na kuitikia kwa sauti moja, "We are fine, thank you, teacher", na kuanzia hapo neno linakaa kichwani na maana moja tu: salama, nzuri, au kwa sisi wa huku Usukumani, mhola. Nimekuwa nikifundisha Kiingereza cha kazini hapa Mwanza, darasa la jioni lenye wahudumu wa hoteli, waongoza watalii na makarani wa viwanda vya samaki, na sijaona neno dogo linalowasumbua kuliko hili. Maneno magumu wanayatafuta kwenye kamusi. Hili wanaamini wanalijua, kwa hiyo hawaligusi.

Ninachowaambia ni hiki: usikimbilie kulitafsiri. Tazama limekaa na nani, kisha jiulize kinyume chake hapo kingekuwa nini. Mtu akiwa "fine", kinyume chake ni mgonjwa au mwenye shida. Chumvi ikiwa "fine", kinyume chake ni chumvi ya mawe. Siku ikiwa "fine", kinyume chake ni mvua. Ukikipata kinyume, maana imekuja yenyewe, na visawe vinafuata: kwa mtu ni "well" au "all right", kwa chumvi ni "powdery", kwa siku ni "clear" au "sunny". Hutaweza kusema "sunny" kwa chumvi wala "well" kwa siku, na ndiyo sababu orodha ya visawe iliyokaririwa bila sentensi haimfikishi mtu mbali.

Nianze na "I'm fine", maana ndiyo inayotumika kila siku na ndiyo yenye mtego mkubwa. Ikijibu "How are you?" haina tabu. Ila mtu akikaribishwa kitu, maana inageuka. Kijana mmoja wa darasa langu alikuwa akisindikiza wageni Saanane, ile hifadhi ya taifa iliyoko kisiwani, hapa hapa jijini. Jua lilikuwa kali, akamuuliza mama mmoja kama angependa maji ya kunywa. Yule mama akajibu, "I'm fine, thanks." Kijana akaenda kuchukua chupa na kumfungulia, akiamini amekubaliwa. Mama alikuwa amesema nashukuru, sihitaji. Pale hakuna aliyeudhika, lakini mpe mhudumu wa mgahawa jibu hilo hilo, alete sahani ya pili na kuiweka kwenye bili, uone mazungumzo yatakavyokuwa wakati wa kulipa.

Tofauti iko kwa yule anayeelezwa. Mtu akisema "I'm fine" baada ya kukaribishwa, yeye ndiye aliye sawa, hana anachohitaji, kwa hiyo jibu ni hapana. Akisema "That's fine" au "That would be fine", kitu ulichopendekeza ndicho kilicho sawa, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Ningependa kila kijana anayefanya kazi mapokezi aijue tofauti hii kabla ya kujifunza salamu nyingine yoyote.

Sikiliza na sauti. "Fine" inayotamkwa peke yake, kwa mkato, baada ya watu kuvutana, maana yake ni haya basi, fanya unavyotaka. Ni ile "sawa" ya mtu aliyechoka kubishana, na hakuna Mswahili asiyeijua. Mteja akikujibu hivyo kuhusu chumba chenye kelele, usimpe ufunguo ukaondoka. Muulize tena kwa upole, "Are you sure?", au mtafutie chumba kingine.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka. Mahali neno linapokaa kwenye sentensi hubadilisha uzito wa sifa. "She is a fine teacher" ni sifa kubwa: mwalimu hodari, wa kupigiwa mfano. Visawe vyake hapo ni "excellent" na "outstanding". Lakini ukiulizwa umeuonaje ufundishaji wake ukajibu, "It was fine", umesema ulikuwa wa kuridhisha tu, haukuwa na kasoro kubwa. Kisawe sasa ni "acceptable". Neno likitangulia jina, linapandisha. Likija baada ya kitenzi, mara nyingi linasema inatosha. Kwa hiyo bosi wako mgeni akisoma ripoti yako na kusema, "The report is fine", furahi kwamba imepita, lakini usidhani amekupa pongezi. Nawe ukitaka kumsifu mtu kwa dhati, usimwambie kazi yake ni "fine", hasa kwa barua pepe ambako sauti haisikiki. Mwambie "excellent" au "very good". Wapo watu wanaoonekana wabaridi kwa wafanyakazi wenzao wa nje kwa sababu ya neno hili tu, na moyoni walikusudia kusifu.

Kwa watu wa ziwani, maana ya wembamba ndiyo ya kushika. "Fine net" haina uhusiano na uzuri wa wavu. Ni wavu wenye matundu madogo, na kwa wavuvi hilo ni jambo la sheria, kwa kuwa matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa hubeba na samaki wachanga. Darasani huwa natumia sentensi hii: "He was fined for using a fine net." Alitozwa faini kwa kutumia wavu wa matundu madogo. Neno moja, mara mbili, na mtu wa Mwaloni, soko letu la samaki, hataisahau. Nyuzi za nywele, mchanga wa ufukweni, unga uliochekechwa vizuri, vyote hivyo ni "fine", na kinyume chake ni "thick" kwa unywele, "coarse" kwa mchanga na unga. Kitunguu kilichokatwakatwa kwa udogo kabisa ni "finely chopped".

Hapo kwenye "fined" angalia masikio yako. Hutamkwa sawasawa na "find", kutafuta na kupata. Ukisikia "he was fined" usianze kuuliza alipotea wapi. "Find" ikienda wakati uliopita inakuwa "found", kwa hiyo sauti ile ikija baada ya "was", mtu huyo ametozwa faini.

Tukiwa kwenye faini, usichanganye majirani zake. "Fine" ni pesa unayolipa kwa kosa, kwa amri ya mahakama au ya mamlaka. "Penalty" ni pana zaidi, ni adhabu ya namna yoyote, pamoja na ile ya mpira na ile ya kuvunja mkataba. "Fee" ni ada, na "charge" ni malipo ya huduma, na hizo hutozwi kwa sababu umekosea. Wanachama wa vikoba watanielewa haraka: anayechelewa kikao analipa "fine", anayejiunga analipa "fee". Ukimwandikia mgeni kwamba kuingia hifadhini kuna "fine", umemwambia amefanya kosa kabla hajafika.

Na dhahabu? Mwanza hatuwezi kuiacha, Geita ikiwa jirani na kiwanda cha kusafishia dhahabu kikiwa hapa jijini tangu 2021. Kwenye madini, "fine" ni safi, isiyochanganywa, na kisawe chake ni "pure". Usafi hupimwa kwa sehemu 1,000. Dhahabu ya karati 24 huandikwa 999, ya karati 22 huandikwa 916, ya karati 18 ni 750. Anayesoma "916 fine" kwamba ni dhahabu nzuri sana amekosa habari yenyewe: katika kila sehemu 1,000, sehemu 84 ni madini mengine. Humo ndimo lilimotoka "refine", kusafisha, na "refinery", mahali pa kusafishia.

Wanafunzi huniuliza inakuwaje uzuri, wembamba, usafi na faini vikutane kwenye neno moja. Mzizi wake ni neno la Kilatini "finis", mwisho. Faini ilikuwa malipo ya kuimaliza kesi. Kitu "fine" ni kilichofikia ukomo wa ubora wake, kimekamilika. Na fainali tunayoishangilia kwenye mpira ilitoka huko huko.

Namalizia na "fine print", ambayo wengine husema "small print". Haya ni yale maandishi madogo chini ya mkataba wa mkopo, wa ajira au wa kupangisha nyumba. Neno linaelezea udogo wa herufi, lakini masharti mazito mara nyingi huwekwa humo: riba inapanda lini, ukichelewa kulipa utakatwa nini, mkataba unavunjwaje. Ukipewa karatasi ya Kiingereza kwenye kaunta, omba uondoke nayo au ukae pembeni uisome. Chukua kalamu, zungushia kila "fine", "penalty", "late fee" na "interest" unayoiona, kisha rudi kwa karani umwombe akueleze kila uliyoizungushia, kwa Kiswahili, na kiasi chake kwa shilingi. Akishindwa kueleza moja, usiweke sahihi siku hiyo.