Kwa mtafsiri anayeanza: OK si "sawa" kila mara

Ukiingia kwenye kazi ya kutafsiri, usiogope sana maneno marefu ya kisheria. Hayo yana kamusi zake. Yatakayokutoa jasho ni vijineno vya mzaha ambavyo kila mtu anadhani anavijua, na kinara wao ni OK.

Mhusika wa filamu ya Kimarekani anakaribishwa chai, anajibu "I'm OK". Wengi wanaoanza huandika "niko sawa", kana kwamba kaulizwa hali. Huyo anakataa chai kwa adabu. Andika "hapana, asante" uendelee. Mwingine akiulizwa chakula kilikuwaje, akasema kilikuwa OK, hajakisifia hata kidogo: "si kibaya" inamtosha. Mwalimu akilitanguliza darasani ni "haya, tuanze". Kijana akilirudia mara mbili huku anavuta sauti, ni "basi, nimesikia!" Ofisini bosi akiipa barua OK yake, ameidhinisha. Kwa hiyo tazama kwanza nani anamwambia nani, na kwa sauti gani.

Kwenye asili ya neno hili ndiko watu wanakodanganyana zaidi. Utasikia lilitoka kwa Wachoktaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, au kwa Wagiriki, au kwa karani fulani wa reli aliyetia saini herufi za jina lake. Hata Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliamini habari ya Wachoktaw, akawa anaandika "okeh". Ukiletewa hadithi tamu namna hiyo, dai maandishi ya zamani kabisa. Ya OK yapo: gazeti la Boston Morning Post, 23 Machi 1839. Waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kuharibu tahajia makusudi, kisha wanafupisha. "All correct" ikageuzwa "oll korrect", yaani o.k.; "all right" nayo ikawa "oll wright", o.w. Aliyeyafukua hayo ni Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa Marekani, katika makala alizochapisha 1963 na 1964.

Mbona o.w. ilikufa na mwenzake akaishi? Siasa, kama kawaida. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aligombea tena. Wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, wakaunda vilabu vya O.K. Wapinzani wakajibu kwa kejeli: eti herufi hizo ni za Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, ambaye hakujua kuandika "all correct" sawasawa. Van Buren alibwagwa na William Henry Harrison, lakini neno lilikuwa limeshasambaa.

Kejeli ile ya Jackson bado inasimuliwa kama kweli. Ukiikuta ndani ya kitabu ulichopewa, usiisahihishe kimyakimya, maana maneno ni ya mwandishi. Itafsiri kama ilivyo, kisha mwandikie mhariri pembeni tarehe ya gazeti la Boston, aamue yeye.